Urembo wa Ramani

Juzi, kwenye mapokezi ya gesti mpya hapa Bariadi, nilikuta ramani ya kizamani ndani ya fremu, na chai ya karafuu ikinukia jirani. Nikarudi nyuma hatua moja.

Nilikuwa msichana wa darasa la pili nilipoiona ramani kama hiyo katika duka la vitambaa kule Dutwa. Kioo chake kilikuwa na madoa ya mavi ya nzi. Mwenye duka alinipa karafuu nitafune, akanionyesha merikebu, magunia ya viungo, na pembeni watu wadogo waliobeba pembe za ndovu.

“Mbona wamefungwa kamba shingoni?” nikauliza.

“Huo ni urembo tu wa ramani,” akacheka.

Mama, aliyekuwa akichagua kitambaa cha sare yangu, akasogea. Akaitazama ramani, uso ukamkunjamana kama aliyekanyaga mzoga. Akakirudisha kitambaa mezani.

“Mayu, mama yangu, nitakupunguzia,” mwenye duka akasema.

Mama akakinga kiganja chini ya kidevu changu. “Tema.”

Nikatema. Akakikung’utia kiganja palepale sakafuni, tukatoka. Muhula ule nilivaa sare ya dada yangu iliyonifika visiginoni, na sikuomba nyingine.