Bi Tatu Aalikwa Ngazija

Makangale nzima, kule Pemba, wanajua kwamba Bi Tatu Nyange akishakaa, haondoki. Soko la Konde waliwahi kumwambia meza ya mbele ni ya wanaume, wanawake wakauzie pweza wao nyuma huko kwenye nzi. Akatua beseni lake juu ya meza ile ile, akakaa. Wakamsema, wakamcheka, wakachoka wenyewe. Mpaka leo ndipo anapouzia. Kwa pweza hao amelea wanawe baada ya mumewe kufariki, na nyumba ya matofali akasimamisha. Na wala hajapata kupanda chombo kwenda kuvua. Maji yakipwa hushuka mwambani kwa miguu yake, chuma mkononi, akachungulia tundu moja moja.

Basi zikaja habari kwamba Ngazija, huko Komoro, kutakuwa na mkutano wa wavuvi wa pweza wa pwani hizi, na kuna pendekezo: wanaovua kwa miguu wazuiwe moja kwa moja, ati wanakanyaga matumbawe. Wabaki wenye vyombo na miwani ya kuzamia. Na wenye vyombo ni wanaume. Wanawake wa Makangale wakakutana uani kwa Shadya, mtoto wa kaka yake Bi Tatu. Hawakukaa sana. Aende Bi Tatu.

Mkuu wa wavuvi wanawake wa Ngazija, Bi Khairiya, alimpigia simu kwa kinywa chake. "Bi Tatu, nakualika. Njoo useme." Kisha akaongeza, "Ila ushughulikie viza."

Hapo ndipo mambo yalipopinda. Kwao Makangale, mtu wa kualika harusi hupita nyumba kwa nyumba, akakutaja jina mlangoni kwako. Ukishatajwa, yamekwisha. Kurudi kuuliza kama kweli uje ni kumwambia mwenye shughuli kuwa humwamini. Bi Tatu alipoelezwa kuwa viza ni ruhusa ya kuingia nchi ya watu, aliona Khairiya amesema vile kwa adabu tu, kama mtu anayekwambia usijisumbue kuleta kitu.

"Nimeshaalikwa," akamwambia Shadya. "Nikaombe ruhusa ya nini tena? Nimvunjie heshima mwenyeji?"

"Shangazi, watakurejesha wale."

"Na wanirejeshe. Mie si nitakuwa nimeshafika?"

Paspoti alikuwa nayo, aliikata mwaka aliotaka kwenda Hija, safari isiwe. Akavuka Unguja, akapata meli ya mizigo ya nahodha Khatib, mtu wa Gando. Khatib akamuuliza kama mambo yake yote yako sawa.

"Nimealikwa," akajibu, kwa uso mkavu hata Khatib, Mpemba mwenzake, akaona haya kuuliza mara ya pili.

Bandarini Moroni, afisa mmoja kijana, Abdulsamad, aliyesoma Unguja na Kiswahili chake safi, akaifunua paspoti, akaifunua tena.

"Mama, viza iko wapi?"

"Sina. Nimealikwa na Bi Khairiya."

"Khairiya si serikali, mama. Rudi melini, ukae humo mpaka iondoke."

"Weye kwenu mgeni akialikwa harusini hukaa jahazini?"

"Hii si harusi!"

"Hata harusi ingekuwa afadhali. Ningekula pilau nikaondoka." Akatandika kanga yake pale pale penye lango, akakaa. "Mie nataka kusema maneno yangu tu. Nikishasema, hata ukinipakia kwenye gunia sawa."

Wachukuzi wakaanza kucheka. Gari la mizigo likapiga honi, likazima. Abdulsamad akamwambia ainuke, akamwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali. Bi Tatu akamuuliza kama mama yake hajambo. Kijana akafuta jasho, akaomba namba ya Khairiya.

Khairiya akaja mbio na wanawake watano nyuma yake. Alipomwona mgeni wake chini, alishika kichwa. "Dada, si nilikwambia viza!"

"Ulinialika kwanza."

Khairiya akamgeukia afisa. "Mwanangu, kosa ni lake, na mimi limenigusa. Lakini nimemtaja jina. Akirudi bila kuingia, nitaalika nani tena pwani hii? Kama haingii, nasi tunakaa." Akakaa. Na wale watano wakakaa.

Abdulsamad akaingia ndani kwa wakubwa wake. Alikaa huko muda. Alipotoka, paspoti aliibakisha mkononi. "Hii nnayo mimi. Utakwenda na askari, utasema, utarudi naye kabla meli haijaondoka. Na usinishukuru, nimegombezwa sana."

"Sikushukuru," akasema Bi Tatu akikung'uta kanga yake. "Umechelewesha watu."

Ukumbini akaingia na askari ubavuni kama mwizi wa karafuu. Mwenyekiti akauliza huyu ameingiaje nchini.

"Kwa miguu," akasema Bi Tatu. "Ndivyo nifanyavyo kila kitu." Wanawake wakapiga vigelegele. Akangoja watulie. "Mkitaka kuufunga mwamba miezi kadhaa ili pweza wakue, fungeni, nasi tutaulinda pamoja nanyi. Lakini mkitufunga siye mkawaacha wenye vyombo, hatutii. Nasema hapa mbele ya askari, asikie vizuri. Tutashuka. Mtukamate wote, na pa kutuweka mpatafute."

Wakabishana mpaka adhuhuri. Mwenye kuleta pendekezo akasema wanawake hawaelewi, wakamzomea. Mwishowe halikupita. Halikufutwa pia, litaletwa tena.

Melini, mji ukirudi nyuma, Bi Tatu akampigia Shadya kabla mtandao haujakatika.

"Shangazi, umefungwa?"

"Nani anifunge? Sikiliza. Wamelikataa, lakini watalirudisha. Bamvua lianze lisianze, maji yapwe sana yasipwe, kesho msilale. Shukeni mwambani nyote, hata wasiojua kuvua. Washuke wasimame tu, waonekane, ijulikane wa kuzuiwa ni wangapi."