Risasi Tano na Kahawa ya Mgeni

Shotigani ya ghala letu la kahawa ina risasi mbili ndani na tano za akiba. Hizo tano nazibeba kwenye kitako cha bunduki, katika mfuko wa kitambaa wenye vitanzi sita vya lastiki, alioushona mke wangu kwa paja la suruali yangu kuukuu. Walinzi wenzangu hujifunga mikanda ya risasi kiunoni. Tumbo langu halitaki mkanda wa pili, na siku ya hatari sitaki kuanza kujipapasa kiuno kama mtu aliyeingiwa na siafu.

Kitanzi cha sita si cha risasi. Humo alitia kifurushi cha kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, zimefungwa kwa jani la mgomba.

"Mgeni akija utampa nini, risasi?" aliniuliza.

Alifariki mwaka juzi. Kahawa nafunga mwenyewe sasa. Msimu ukiisha ghala huwa tupu, nalinda popo na harufu ya magunia, na siku nzima hapiti mtu. Jioni naitafuna mwenyewe ile kahawa ya mgeni, kesho yake nafunga nyingine. Upweke unauma, sitaki kuficha.

Ndiyo maana siku moja nilianza kutandaza nyasi kwenye migomba iliyo kando ya ghala. Hakuna aliyenituma. Mnyambo, mtu aliyekulia migombani, hawezi kukaa karibu na shina lililo uchi akatulia. Nikainama na kuinuka asubuhi nzima, bunduki mgongoni.

Saa sita akafika mkaguzi kwa pikipiki, kijana wa Muleba, bila taarifa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, bosi."

Akaichukua bunduki, akahesabu kitakoni kwa kidole. Risasi nne. Akagusa kifurushi cha jani, akanitazama.

"Ya tano iko wapi?"

Mlinzi akipoteza risasi hupoteza kazi, kisha huenda kujieleza polisi. Na mfuko ule ungelaumiwa, ukatupwa. Kazi niliihofia, lakini mfuko niliuhofia zaidi, maana ndicho kitu pekee cha mkono wake ninachokishika kila siku.

Nikamwonyesha nyasi. Akakunja suruali, tukafunua shina baada ya shina. Tuliikuta kwenye shina la mwisho kabisa, nyekundu, imelala kavu chini ya nyasi nilizozipanga vizuri mno. Nikairudisha kitanzini.

Alipokaa kufuta mikono, nikafungua kahawa nikampa. Akatafuna taratibu, kama mtu aliyelelewa. Alikuwa mgeni wa kwanza kuila tangu msiba.

"Siandiki kitu, mzee. Ila lastiki imelegea. Nani alishona?"

"Mke wangu."

"Mwambie mama aikaze. Nikirudi nikute iko sawa."

Ningeweza kumweleza. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemtaja kana kwamba yuko jikoni anamenya ndizi, nami nikashindwa kumtoa humo.

"Nitamwambia," nikasema.

Jioni nilimkabidhi mwenzangu bunduki na risasi zote saba, nikauvua mfuko, nikanunua lastiki dukani. Nikapitia kaburini kwake, katikati ya kibanja, shamba letu la migomba nyuma ya nyumba, nikamwambia. Kisha nikaingia ndani kutafuta sindano.