Nilivyochapwa fimbo na mama wa Ekal katikati ya mchezo, Kakuma

Wakuu, ejok nyote, ndiyo salamu yetu Waturkana. Hii sikuhadithiwa, mgongo wangu ni shahidi. Jina la rafiki yangu tu ndilo nimebadilisha.

Miaka ya tisini nilikuwa Lodwar, kwenye kikundi cha maigizo. Vijana wachache, na mwalimu mmoja wa sekondari aliyetuandikia script. Tulizoea michezo ya kuhimiza watu wachimbe vyoo.

Siku moja mwalimu akaja na mpya. Fundi cherehani anasemekana anapenda wanaume wenzake, watu wanamvamia dukani, wanampiga. Mwishoni fundi amelala chini na watazamaji wanaulizwa kama hiyo ni haki.

Rafiki yangu Ekal akapewa kuigiza fundi. Mimi nikawa kiongozi wa wapigaji kwa sababu ya mwili (siku hizo nilikuwa nao).

Tulianzia Kanamkemer, hapo hapo Lodwar. Tulishangiliwa vibaya sana, shida ni kwamba walinishangilia mimi. Jamaa mmoja mwenye kibanda cha sukari alikuwa ananielekeza kutoka mbele, eti niache mgongo nihamie miguu.

Mwalimu alipouliza kama ni haki, wakalalamika kwamba fundi alicheleweshwa, angepigwa mapema. Mama mmoja tu alimtetea, na hata yeye alikuwa na wasiwasi wa gauni lake lililobaki dukani.

Nilinunuliwa soda. Ekal hakununuliwa kitu.

Kesho yake tukadandia lori kwenda Kakuma. Tulipokaribia, Ekal akaniambia polepole kwamba yule fundi ni yeye. Hajapigwa bado, lakini ni yeye.

Na mama yake anakaa Lopur, jirani na Kakuma, anauza kuni kwenye kambi ya wakimbizi, hawezi kukosa kuja kumwona mwanawe akiigiza.

"Mama akicheka kama wale wa jana," akasema, "napanda lori la Kitale na sirudi tena."

Nikamwahidi nitampiga taratibu. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Kakuma tulicheza uwanjani kando ya kambi. Mbele walikaa wakimbizi wa Sudan, Burundi na Kongo, nyuma wenyeji wa Lopur. Tulipomvamia fundi hakuna aliyecheka. Mrundi mmoja aliinuka, akashika watoto wake mikono, akaondoka nao. Baadaye tuliambiwa yeye alishaona kundi likimtoa mtu nyumbani kwake, tena kwa macho yake. Ile ilinichoma roho.

Nikaendelea taratibu kama nilivyoahidi. Ekal alikuwa amefungia juisi nyekundu kwenye mfuko wa nailoni ndani ya shati. Nikaupasua kwa ngumi, "damu" ikatiririka mpaka chini.

Hapo nikasikia moto mgongoni.

Kugeuka, namwona mama mdogo wa umbo, shanga zimemjaa shingo nzima, fimbo iko juu tena. Wapigaji wenzangu walikuwa wameshafika barabarani.

"Yeye nakula mbuzi yako?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Sasa wewe napiga yeye ya nini?"

Mwalimu akaja mbio kueleza kwa heshima zote kwamba ni mchezo, na kwamba fundi anapigwa kwa sababu anapenda wanaume. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia, akanichapa tena.

Sasa wazee wa Lopur nao wakaingia. Kwao damu ya mtoto wa mtu ikimwagika, aliyeimwaga anatoa mnyama, watu wanamla pamoja, kesi inaisha. Mwalimu akaapa kwamba ile ni juisi. Mzee mmoja akachovya kidole, akalamba, akakubali kwamba ni tamu. Akasema hata hivyo imemwagika.

Mbuzi akatoka mfukoni mwa mwalimu.

Wakati wa kula, mhubiri mmoja Mkongo wa kambini akasema fundi angetubu kwanza. Wazee wakabishana naye mpaka nyama ikapoa, na siwezi kusema walimshinda.

Ekal alikaa karibu na mama yake, shati bado jekundu. Mimi nilikuwa upande wa pili, mbali kidogo na fimbo. Nikamsikia akimuuliza kwa Kiturkana.

"Mama, na kama mambo ya huyo fundi ni ya kweli? Kama ni mimi?"

Mama akaendelea kutafuna. Niliogopa kuliko nilivyoiogopa ile fimbo.

"Na fimbo yangu," akasema, "ilikuwa ya mchezo?"

Jioni lori la Kitale likapita. Ekal hata hakuligeukia. Alikuwa kifua wazi, mama yake ameshalichukua lile shati kulifua, analalamika jinsi tulivyoharibu sukari.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba kabla hujampiga mtu, hata kwa kuigiza, uliza kwanza mama yake amekaa wapi.

Mliokuwepo Kanamkemer au Kakuma, semeni mlivyoona. Na wewe wa kibanda cha sukari, kama umo humu, ushauri wako haukunifikisha mbali. Matusi pia nitasoma.