Siku Walipofyeka Mboga Zetu za Bondeni

Nilipostaafu uuguzi ndugu zangu walitegemea nitarudi kijijini kwetu Kalenga. Sikurudi. Nilibaki Mbeya kwa sababu ya bonde lililo nyuma ya nyumba yangu, na nilivyowaeleza hivyo sijui kama walinielewa.

Nilipohamia mtaa ule, bonde lilikuwa jalala. Watu walitupa humo pampasi, chupa, hata mizoga ya mbwa, na juu kidogo ya uchafu huo ilikuwapo chemchemi safi kabisa ambayo hakuna aliyeijali. Jirani yangu, mjane wa Kinyakyusa mwenye umri wa kunizaa, ndiye aliyeanza kulisafisha, peke yake, kwa jembe lililokwisha makali. Siku moja nilisimama pale juu ya bonde nikamwambia, "Shikamoo mama. Hii kazi itakuua."

"Marahaba. Ndiyo maana nimekuita, nesi," akajibu bila kuinua kichwa.

Hakuwa ameniita. Nikarudi nyumbani kubadilisha viatu.

Mwaka wa pili tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Uzio tulijenga kwa mabanzi, yale mabaki ya magogo yanayoletwa na malori ya mbao kutoka Mafinga. Maganda ya mpunga ya kutandaza kwenye matuta yalitoka Ubaruku, na samadi ya kuku tulipewa na mwenye duka wa mtaa wetu, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Sote tulimwita Haji. Tulipanda mboga za majani, chainizi, figiri, mnavu na mchicha, pamoja na karoti na maboga. Kila nyumba ilichuma, na aliyekuwa na mgonjwa au mama aliyejifungua alipelekewa mlangoni.

Kwangu mimi haikuwa bustani tu. Miaka mingi nilipima watoto kliniki, nikiwaning'iniza kwenye mizani, nikaona watoto wa nyanda hizi zinazolisha nchi nzima wakiwa wafupi na wembamba kwa sababu ya kula ugali na chumvi. Mahindi yetu yanaondoka, viazi vinaondoka, mchele unaondoka, na mtoto anabaki na ugali mkavu. Nilikuwa nikiwaambia akina mama, "Mpe mboga za majani." Mmoja aliwahi kuniuliza, "Nizichume wapi, nesi, kwenye lami?" Jibu nililipata bondeni.

Walikuja Jumanne asubuhi. Walikuwa vibarua sita wenye mafyekeo, na nyuma yao mtendaji wa kata akiwa na faili kwapani. Alisema mgeni mkubwa atapita barabara ya juu, na bonde lazima lipendeze. Nikamwonyesha barua ya mwenyekiti wa mtaa iliyoturuhusu kulima. Aliishika kwa vidole viwili.

"Mama, hii ya mtaa siyo kibali. Hapa ni jiji. Jiji halilimwi."

"Na lilipokuwa jalala, lilikuwa jiji?"

Aliwapa ishara vibarua, na fyekeo la kwanza likapita kwenye figiri. Sauti ile naijua, fyaa, fyaa, ni sauti ya kukata nyasi, lakini kilichokuwa kinaanguka kilikuwa chakula cha watu. Mjane yule alishuka akasimama katikati ya tuta la chainizi, kanga imefungwa kifuani. "Anzieni hapa," akasema. "Nifyekeni mimi kwanza." Kibarua aliyekuwa mbele yake aliinamisha uso. "Tusamehe bibi, tumetumwa," akasema, akamzunguka, akaendelea na tuta lililofuata. Kabla ya saa sita palikuwa peupe. Hata maboga machanga waliyapasua.

Sikulia. Nilishuka nikahesabu mashina tuta kwa tuta, kama nilivyohesabu wagonjwa wodini miaka thelathini.

Wiki mbili baadaye ikaletwa barua yenye muhuri wa ofisi ya mtendaji yuleyule. Ilikuwa wiki ya lishe, na kikundi chetu kilialikwa kwenye maonyesho uwanjani, kilete mazao ya "bustani yake ya mfano". Niliisoma mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Tukakutana barazani kwa Haji. Wengine walisema tusiende. Haji akasema, "Nendeni. Mtu akikualika, nenda na ulichonacho."

"Tuna nini sasa?" akauliza mwenzetu mmoja.

Mjane akasema, "Si tuna mashina?"

Basi tukang'oa mashina yaliyofyekwa, tukaokota na maboga yaliyopasuka, yameshaoza na kutoa maji, tukayajaza kwenye beseni kubwa. Pale uwanjani tulipewa meza yenye kitambaa cheupe. Tukaliweka beseni katikati yake. Mgeni rasmi, yuleyule aliyepita barabara ya juu, alipofika kwetu alitabasamu, kisha akaziba pua.

"Hiki nini?"

"Ndiyo bustani ya mfano, mheshimiwa," nikasema. "Ilifyekwa ili wewe upite barabarani ukiangalia mahali pazuri."

Mtendaji alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale, akilitazama faili lake. Mgeni alimgeukia, akanigeukia mimi, akasema, "Hili litafanyiwa kazi." Watu wakapiga makofi. Mpaka leo sijui walipigia makofi nini. Alipoondoka, tukapewa cheti cha ushiriki.

Ofisi ya kata ilipanda nyasi za mapambo bondeni na kusimika kibao cha kukataza watu kukanyaga. Kiangazi kilipoingia hakuna aliyezimwagilia. Zikakauka, na kabla ya mvua pampasi zilikuwa zimerudi. Nilikwenda ofisini mara nne kuwaeleza kuwa bonde linarudi kuwa jalala. Mara ya tano wakanipa karatasi: tunaruhusiwa kulima nusu ya bonde, ila tupande ua wa maua upande wa barabara, na mboga zisionekane na wapita njia.

Nilimpelekea mjane karatasi ile asaini. Alitaka nimsomee. Nilipofika kwenye sharti la mwisho alinizuia kwa mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mimi sisaini kitu cha kuficha mchicha kama bangi," akasema. "Nimekula mboga maisha yangu yote mbele za watu."

"Mama, tusiposaini tunakosa hata hiyo nusu."

"Basi saini wewe uliyesoma."

Nikasaini. Wenzetu tisa nao wakasaini baada yangu. Niliona aibu, kama mtu anayeomba radhi kwa kosa alilotendewa yeye. Leo tunalima ile nusu, na chainizi imekubali vizuri. Ule ua wa maua nimeupanda, kwa sababu niliahidi kwa maandishi. Mjane yeye analima nusu nyingine, ile isiyoruhusiwa, mkabala kabisa na barabara. Nikipita asubuhi namkuta ameinama kwenye mnavu wake, na magari yanapita barabara ya juu, na hakuna hata mmoja kutoka ofisini aliyethubutu kushuka kumwambia aache.

Juzi tu alinikatia fungu la mnavu akanipa, akasema, "Kapike, nesi. Na dirisha uliache wazi, wapita njia waone."