Koki ya Mtungi

Kazini kwao walimwita Mtungi, na jina likamganda. Gari lao la wagonjwa lilikuwa na mtungi mmoja tu wa oksijeni, na ukiisha ndiyo basi. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Mgonjwa akianza kurudisha rangi midomoni, mkono wa Mtungi ulikwenda wenyewe kwenye koki ukafunga, maana mbele ya safari kulikuwa na mwingine anayetweta. Dereva wake alimtania kwamba siku akifa ataibana pumzi ya mwisho amwachie jirani.

Huku ugenini hakuna aliyelijua jina hilo. Alisukuma toroli la mashuka machafu katika hospitali kubwa, kutoka wodini hadi chumba cha kufulia. Vyeti vyake walivitazama, wakavigonga mihuri, kisha wakamwambia havitoshi, afanye mtihani wa vitendo. Alianguka mara mbili, zote kwa sababu ya lugha. Huu wa tatu ndio wa mwisho. Ukimshinda, ndio imetoka hiyo, na mkewe na binti yake waliobaki nyumbani wasahau kumfuata. Kwa hiyo alijifunza lugha akisukuma toroli, akitamka maneno chini chini mpaka wauguzi wakadhani anasali.

Chumba cha mtihani kilikuwa na baridi. Sanamu ya mpira ililazwa sakafuni, kifua chake kikipanda na kushuka kwa mashine. Mtahini, mama mpole mwenye miwani, alisema huyo ni mzee aliyebanwa na kifua. Mtungi akapiga magoti. Akauliza yote ya kuuliza, akapima, akamvisha barakoa, akafungua oksijeni. Maneno yalimtoka bila kukwama hata mara moja, mpaka mama mtahini akatabasamu.

"Sasa anasema amepata nafuu," alisema mama. "Mpeleke kwenye gari."

Mkono ukaenda wenyewe. Ukafunga koki.

"Umefanya nini?"

"Si amepata nafuu, mama? Nabakiza."

"Unambakizia nani?"

Mtungi akainua macho. Ukutani ilipangwa mitungi, mirefu kwa mifupi, yote imejaa. Akatafuta neno la kumweleza mama yule habari za mtu wa mbele ya safari, na lugha yote aliyoihangaikia ikamkimbia.

"Pole sana, kaka," alisema mama, na alikuwa na huruma ya kweli, jambo lililomuumiza zaidi. "Kumkatia mgonjwa hewa hakuna msamaha. Umeanguka."

Akaketi ngazini nje ya jengo. Hakuthubutu kumpigia mkewe. Akampigia dereva wake wa zamani kule nyumbani, akamsimulia.

"Basi rudi nyumbani, ndugu yangu."

"Nirudi kufanya nini? Leseni ya huko nayo imekufa. Wanataka mtu aliyekuwa anagusa wagonjwa, na mimi miaka yote hii nagusa mashuka."

Dereva akacheka, si kwa ubaya.

"Na wewe nawe, Mtungi! Kubana hewa mpaka huko? Sisi wenyewe tuliacha zamani. Ulipoondoka tu tukaletewa mitungi, imejaa gari zima. Vijana wa sasa ukiwaambia habari za kufunga koki wanakushangaa."

Mtungi akamshukuru, sijui kwa lipi, akakata simu. Aliona aibu, akaona hasira, kisha asione chochote. Alitamani angalau kwao wangekuwa bado wanafunga koki.

Simu ikaita mkononi. Ni binti yake.

"Baba, umetoka? Mama anauliza tuanze kufunga mabegi?"

Nyuma ya sauti ile alimsikia mkewe akicheka, akiburuta kitu kizito sakafuni. Walikuwa wameshaanza.

"Fungeni, mwanangu," alisema.