Kurasa Ishirini na Moja za Kuku

Watoto wa chekechea walimwita Mwalimu Penseli, maana penseli haikumtoka kwenye nywele hata siku za harusi. Alikuwa amefundisha miaka kumi na sita, na kilichomkera kuliko yote ni vitabu vya picha vya kufunza subira. Ukurasa mmoja mtoto anangoja, wa pili amekwisha pewa zawadi. "Hiyo si subira," alimwambia mumewe, fundi cherehani. "Hiyo ni kupepesa macho."

Basi akaamua kuchora chake. Kuku wao alikuwa ametaga mayai tisa kwenye kikapu kikuukuu nyuma ya jiko, akaanza kuyaatamia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mwalimu alichuchumaa akamchora. Siku moja, ukurasa mmoja. Siku ya tano ilinyesha mvua. Siku ya tisa paka alipita, kuku akatutumua manyoya. Siku ya kumi na tatu halikutokea jambo lolote, naye akachora hivyo hivyo. Siku ya ishirini na moja wakaanguliwa vifaranga saba. Mayai mawili yalikuwa viza. Akayachora nayo.

Alipoipeleka michoro kwenye kampuni ya vitabu, mhariri alimkaribisha vizuri, akamwagizia soda, akaanza kufunua michoro chapuchapu.

"Mwalimu, mkono unao. Lakini kuku amekaa tu, kurasa zote hizi! Tuweke nane."

"Kuku haatamii siku nane, kaka."

"Watoto wa siku hizi hawana subira."

"Ndiyo maana nimewachorea."

Mhariri akacheka, akafika mwisho, akakunja uso. "Na haya mawili? Tuyaangue nayo, vifaranga wawe tisa. Mtoto akingoja, apate. Subira yavuta heri, ama sivyo?"

Hapo alimtonesha donda. Methali hiyo mawifi walikuwa wamemwimbia miaka kumi na mmoja, yeye na mumewe wakingoja mtoto ambaye hakuja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba mtu anaweza kusubiri vizuri, bila kosa lolote, na bado akakosa.

"Sibadilishi," alisema.

"Basi hatutakichapa."

"Msikichape."

Akakusanya michoro yake mmoja mmoja, akatoka. Soda ikabaki mezani haijafunguliwa.

Nyumbani wifi mkubwa alipopata habari, alishika kiuno. "Umewekewa ngazi, umeipiga teke! Ungekubali tu, jina lako litoke."

"Litoke limebeba uongo? Hapana, wifi."

Mumewe alitafuta sindano nene ya kushonea jinzi, akaifunga kwenye cherehani. Mwalimu alitoa nakala kwenye mashine ya shule, naye akazishona migongo. Wiki mbili, vitabu thelathini, kila mtoto na chake.

Siku ya kusoma, darasa lilipokuwa kwenye ukurasa wa siku ya tano, binti mmoja mtundu alirukia ukurasa wa mwisho. Wenzake wakamfokea: "Rudi! Bado siku kumi na sita!" Akarudi, amenuna. Walipofika mwisho, ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu, haya mawili yatatoka lini?"

"Hayatatoka."

"Kuku alikosea?"

"Hakukosea hata kidogo."

Binti akayatazama. Kisha akayafunika kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka kengele ikalia.

Muhula uliofuata mhariri alipiga simu. Alikuwa amesikia kwamba shule tatu zinakitaka kitabu. Alikuwa tayari kufika kurasa kumi na sita, na yale mawili yafichwe tu chini ya mbawa. Huo nao ni uongo gani?

"Ishirini na moja, kaka. Na mawili yaonekane."

"Mwalimu, wewe mgumu!"

"Mgumu, ndiyo."

Akakata simu. Jioni alipitia dukani, akachukua boksi zima la uzi. Shule tatu zina watoto wengi.