Gauni Lililomtafuta Mwenyewe

Jamani, hili jambo nimelificha miaka mingi, na sikulificha kwa maana kwamba watu hawalijui, maana Sumbawanga ya wakati ule ililijua kabla hata sijafika nyumbani siku yenyewe, nimelificha kwa maana kwamba likitajwa mimi hushikwa na kikohozi na kutoka nje. Leo nalisema kwa mdomo wangu. Nichekeni mmalize, tuendelee na mambo mengine.

Mimi ni fundi cherehani. Zile zama za ruksa, serikali ilipofungulia biashara, baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha khaki (na ukikosa unarudi nyumbani na kapu lako tupu, unajifanya ulikuwa unapunga upepo), ghafla maduka yakajaa, vitenge vya kila rangi vikaingia kutoka upande wa Zambia, halafu yakaja marobota ya mitumba, ile tuliyoiita kafa Ulaya, na wateja wangu wakaanza kunipita mlangoni na magauni ya Wazungu kwenye mifuko, wananisalimia kwa furaha kabisa, hawana habari kwamba wananiua njaa. Kilichobaki cha kuniokoa kilikuwa kimoja tu, sare ya kwaya yetu ya parokia. Wanawake arobaini na kitu, na mimi nikiwa mmoja wao, sauti ya pili. Mwenyekiti wetu, Mama Skola, alikuwa hajaamua kama kazi atanipa mimi au Fundi Gaudensi wa Milanzi, mzee mpole ambaye magauni yake tuliyaita magunia yenye mikono (jina hilo nililianzisha mimi, nakiri). Nikiipata kazi ile nabaki na chumba changu pale sokoni. Nikiikosa nafunga mlango, narudi kijijini kulima ulezi.

Sasa mtu mwenye akili zake angefanya nini? Angemfuata Mama Skola, angempima, angemshonea gauni moja la mfano, basi. Mimi nikaamua kufanya maonyesho ya mavazi.

Chanzo ni kitabu. Kulikuwa na kitabu cha mitindo kilichokutwa ndani ya robota la mitumba, kinene, kurasa zinateleza, na muuzaji alinipa kwa sababu hakuwa na kazi nacho. Nikachana kurasa nikazibandika ukuta mzima. Wanawake wa mle ndani, jamani, wote walikuwa na umbo moja, wembamba kuanzia shingo hadi kisigino, ukurasa baada ya ukurasa, utafikiri nchi yao nzima ina binti mmoja tu anayebadilishwa nywele. Na mimi niliyekula ugali na maharage tangu nazaliwa, mimi ambaye kati ya meza na cherehani ilibidi nipite kiupande, nikawaangalia wale nikasema moyoni, hivi ndivyo nguo inavyotakiwa kuvaliwa. Wateja wangu wakaanza kuonekana wamekosea kitu. Mama wa watu anakuja na kitenge chake kizuri, namtazama, natazama ukutani, nasikitika.

Habari za maonyesho zilipomfikia Mama Skola alikuja mwenyewe dukani. Mama Skola ni mama mpana, ana mwendo wa kifahari, akiingia kanisani unajua ameingia.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Nasikia kutakuwa na kuvaa na kutembea. Basi na mimi nitavaa, nitembee kidogo, wenzangu waone sare itakavyokaa."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Nikacheka kile kicheko cha adabu, nikasema, "Aa, mama, wewe huwezi kuhangaika hivyo, wewe ni mgeni rasmi, utakaa kiti cha mbele." Akanitazama, akatazama ukutani kule kwenye kurasa zangu, akasema, "Haya." Ile "haya" yake ningeisikia vizuri ningeacha kila kitu siku ileile. Sikuisikia, nilikuwa natafuta wembamba.

Nikawapata wawili, Kabula na Milembe, mtu na dada yake, wanawake wa miaka ishirini na kitu kutoka Mtowisa. Familia yao ni ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia kule bondeni, nao walikuwa wamepanda huku kumsalimia shangazi yao Milanzi. Warefu, shingo ndefu, miguu ndiyo usiseme. Nikawasimamisha barabarani kama nimeokota dhahabu. Wakakubali, wakacheka, wakaja kupimwa.

Mnaijua baridi yetu. Na mnajua sisi mafundi wa huku tunavyopima: mteja anakuja na sweta lake, unampima juu ya sweta, kwa sababu gauni lenyewe atalivaa juu ya sweta hilohilo, na ukimwambia avue atakuuliza kama unataka afe. Nimepima hivyo tangu nijifunze kazi na hakuna gauni lililorudi. Sasa hawa wametoka bondeni kwenye joto, wanatetemeka, kila mmoja amevaa masweta matatu, la kwake, la shangazi na la kaka, na chini amejifunga khanga mbili. Nikazungusha futi yangu nikaandika. Siku ya kujaribisha wakaja asubuhi na mapema na masweta yao yote, wakavaa nguo nilizowashonea, zikakaa sawasawa. Nikajipongeza. Wala haikunipitia akilini kwamba nimewashonea masweta, siyo watu.

Jumapili baada ya misa, ukumbi wa parokia ukajaa. Kwaya nzima kwenye mabenchi ya mbele, Mama Skola kwenye kiti cha mgeni rasmi, na nyuma kabisa nikamwona Fundi Gaudensi amekaa na kofia yake mapajani, nikamwonea huruma. Binamu yangu Deo alikuwa na kipaza sauti alichoazima, na miwani ya jua ndani ya ukumbi. "Mambo, Sumbawanga!" Vijana wanne wakajibu poa. Kina mama wakangoja wasalimiwe vizuri.

Mimi nyuma ya pazia nawapanga warembo wangu. Na hapo nikaliona kosa (yaani nililodhani ni kosa), masweta! Kwenye kitabu changu hakuna hata mmoja aliyevaa sweta. Nikasema, "Vueni hayo, na khanga pia, haraka." Milembe akasema, "Dada, baridi." Nikasema, "Baridi ya dakika tano haiui, vueni." Wakavua, nguo zikapita vichwani, na Deo akawa ameshaita jina, nikamsukuma Kabula nje kabla sijamtazama.

Kabula akatokea. Lilikuwa gauni la zambarau lenye sponji kubwa mabegani, mtindo wa wakati huo. Hatua ya kwanza bega la kushoto likashuka. Hatua ya tatu sponji zikawa zimefika kifuani. Hatua ya tano Kabula amelishika gauni mbele kwa mikono miwili, na nyuma limevimba kwa upepo wa mlangoni, anatembea kichwa juu kama nilivyomfundisha, masikini, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema kwa nguvu, "Jamani, gauni linamtafuta mwenyewe!"

Ukumbi ukaanza kutikisika. Mtu mwingine angeshusha pazia. Mimi nikatoka mbio, pini zangu mdomoni, nikamshika Kabula mgongoni, nikalikusanya gauni kwenye ngumi yangu ili mbele limbane, nikamnong'oneza, "Endelea kutembea." Akaendelea. Mnajua hatua za Kabula? Hatua yake moja ni tatu zangu. Tukazunguka ukumbi mzima hivyo, yeye mbele na shingo yake, mimi nyuma nakimbia nimeinama, nahema, natema pini, na Deo (Mungu amsamehe) anatangaza, "Na huu ni mtindo wa watu wawili!"

Hatujamaliza mzunguko, Milembe naye akatokea, maana aliambiwa atokee akisikia makofi, na makofi yalikuwa mengi. Yeye alivaa sketi na blauzi. Sketi ilifika katikati ya ukumbi ikachoka, ikashuka yote mpaka chini. Nikafumba macho. Nilipofumbua nikaona Milembe amesimama ndani ya suruali ya kaka yake, ile nzito ya machungani, aliyoivaa kwa siri chini ya sketi yangu. Akaiokota sketi, akaikunja vizuri, akaniambia mbele ya parokia nzima, "Mimi nilisema baridi."

Watu walilia kwa kucheka. Na hapo bado sijaharibu, jamani, hapo ningesalimika. Mama Skola alinyanyuka kwenye kiti chake, hakuwa anacheka sana, akavua shali lake akamfunika Kabula mabegani, akanigeukia taratibu tu, siyo kwa ukali. "Mwanangu, humu tuko wanawake arobaini na zaidi, na nguo ni yetu. Hukuona hata mmoja wetu wa kukuvalia?"

Jibu zuri lilikuwepo. Nisamehe mama, basi. Lakini nilikuwa nimechanganyikiwa, nahema, nimeaibika, nataka nionekane nilikuwa na sababu ya kifundi, nikasema, "Mama, kwa nyie kitambaa kisingetosha."

Nilidhani namwambia yeye peke yake. Deo alikuwa amesimama pembeni yangu, kipaza sauti usawa wa kidevu changu. Maneno yakatoka kwenye spika zote mbili, yakagonga ukuta wa nyuma, yakarudi. Kicheko kikakatika palepale. Mmoja akafunga kitenge chake, akatoka. Akafuata mwingine. Hakuna aliyenitukana, ningeshukuru kama wangenitukana.

Kazi akapewa Gaudensi, hilo mlishajua. Chumba cha sokoni nikakifunga, ila kijijini sikurudi, cherehani nikaihamishia barazani kwangu, nikawa naweka viraka na kubadilisha zipu, na zile kurasa nilizitumia kuwashia moto, zinawaka vibaya, zina moshi. Lakini hamjasikia mwisho. Mimi nilikuwa bado mwanakwaya, na mwanakwaya anapimwa.

Gaudensi alipima ukumbini, mchana kweupe, tumepanga mstari. Anapima anataja kwa sauti, Mama Skola anaandika kwenye daftari. Zamu yangu ikafika. Mzee akazungusha futi kiunoni kwangu, ikagoma kukutana, akaivuta, akaiunga na kamba aliyokuwa nayo mfukoni, akataja. Alitaja polepole, kama msoma waraka. Wanawake wote wakatazama dari.

Tangu siku ile niliapa, na kiapo hicho sijakivunja, kwamba mwanamke akikanyaga kwangu na kitambaa chake namtazama yeye, sitazami ukuta, na akiniambia anataka aonekane mwembamba namwambia kazi hiyo haifanywi na cherehani.

Ile sare nikaivaa Jumapili ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kuilaumu, nimepanga na maneno kabisa, gunia, mikono mifupi, shingo imepinda. Nikajitazama kwenye kioo cha dirisha la kanisa, mbele, nyuma, ubavuni. Ilinikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kujishonea mwenyewe.